Matumba ya okidi yangu yalikuwa yanadondoka kabla ya kuchanua, nilichokuja kugundua

Jamani hii kitu iliniuma. Okidi yangu, ile falenopsisi ya majani mapana, ilitoa kikonyo kirefu na matumba 9, nikayasubiri wiki baada ya wiki, siku moja naona tumba moja limekuwa njano, kesho yake limesinyaa, limedondoka, likafuata lingine na lingine mpaka kikonyo kikabaki kitupu. Ua hata moja sikuliona.

Mwanzoni nilidhani ni kiu nikawa nazidisha maji, na hapo nilikosea kabisa, mizizi ya okidi inataka hewa, ikilowa muda wote inaoza na ikishaoza maji hayapandi tena, mmea unaanza kuachia matumba. Siku hizi naangalia mizizi kwanza, ikiwa kijani bado ina maji, ikigeuka rangi ya fedha ndo namwagilia na maji yote yanachuruzika chini.

Ila nilipoitoa kwenye chungu mizizi mingi ilikuwa mizima. Kumbe shida kubwa ilikuwa pembeni yake, bakuli la matunda! Ndizi na maepo yakiiva yanatoa gesi ya ethilini, ndo ileile inayofanya ndizi moja mbivu iivishe zenzake, sasa tumba la okidi likiipata linazeeka kabla hata halijafunguka. Huioni, huinusi, we unaona tu njano. Juu ya hapo kiyoyozi kilikuwa kinaipuliza moja kwa moja, hewa imekauka wakati yenyewe inapenda unyevu wa asilimia 50 hadi 70, na mimi kila siku nahamisha chungu mara huku mara kule nikitafuta mwanga.

Kilipotoka kikonyo kipya niliiweka dirisha linalopata jua la asubuhi, mbali na matunda na kiyoyozi, chini nikaweka trei ya kokoto na maji kidogo, chungu kinakaa juu ya kokoto kisiguse maji. Halafu sikuigusa tena! Sikuigeuza hata kidogo, nilikuwa nachungulia tu kama kuna vijidudu kwenye matumba maana thripsi nao wanayaharibu hivyohivyo.

Safari hii yalikuwa matumba 7. Yalianza kufunguka ya chini, moja moja, yakachanua 6, lile la nchani kabisa ndo lilidondoka.