Siku moja mezani kwangu: bekapu kwanza, mengine yatafuata

Saa 2:00 asubuhi
Mashine ya kwanza ni ya mwalimu. Akiizima, skrini inakuwa nyeusi lakini feni inaendelea kuvuma. Kabla sijaigusa namuuliza swali ninalomuuliza kila anayeniletea kompyuta: faili zako zina bekapu, yaani nakala nyingine nje ya mashine hii?

"Zipo kwenye diski ya nje, fundi. Nimeipanga ijinakili yenyewe kila usiku."

"Tuichomeke basi, mwalimu, tuone."

Saa 2:40
Nakala ya mwisho ni ya zamani mno. Programu ya bekapu ni nzima. Iliagizwa iandike kwenye diski E, herufi ambayo Windows iliipa diski ya nje. Siku moja flashi ikatangulia kuchomekwa, ikaitwaa herufi hiyo, na diski ya nje ikawa F. Tangu hapo kazi ya usiku inashindwa kimya kimya, na ujumbe wa kosa unalala kwenye kumbukumbu asizozifungua mtu. Naipa diski herufi ya kudumu iliyo mbali kwenye alfabeti, T, ili vifaa vingine visiigombanie. Kwenye ratiba natia alama panaposema kazi iliyokosa saa yake ifanyike mara kompyuta inapowashwa.

Kuna kizuizi cha pili. Diski hiyo imeumbizwa kwa FAT32, mpangilio wa kuhifadhi faili ambao haupokei faili moja inayofika GB 4, hata nafasi tupu iwe kubwa kiasi gani. Video zake ndefu za masomo zisingeingia kamwe. Nahamisha yaliyomo, naiumbiza upya kwa NTFS, mpangilio usio na kikomo hicho, nayarudisha.

Saa 4:00
Bekapu mpya imekamilika. Inakuja hatua ambayo wengi huiruka, nami siiachi hata mteja awe na haraka: kurejesha. Nachukua folda chache kutoka kwenye nakala, nazirejesha mahali papya, kisha nafungua picha, waraka, video. Neno "imefaulu" kwenye skrini halinitoshi, kwa sababu nimeona faili zenye jina sahihi na ukubwa sahihi zikigoma kufunguka. Bekapu ambayo haijawahi kurejeshwa mimi naihesabu kuwa haipo.

Mwalimu ananiuliza kuhusu hifadhi ya mtandaoni inayolandanisha folda zake. Ni nzuri, aendelee nayo, ila ukifuta faili huku, kule nako inafutika. Bora nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikikaa mahali pengine.

Saa 5:00
Sasa ile feni. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi zikizimwa kwa kawaida hazizimiki kabisa. Mfumo hufunga programu zako, kisha huhifadhi kiini chake pamoja na draiva (programu ndogo zinazoviendesha vifaa) kwenye diski ili uwake haraka kesho yake. Draiva iliyokwama jana inaweza kuamka ikiwa imekwama vilevile. Ndiyo maana kuwasha upya hutibu mambo ambayo kuzima hakuyatibu: kuwasha upya huanza kila kitu mwanzo.

Nashikilia Shift huku nikibofya kuzima. Feni inanyamaza, nami nimeshajua pa kushika. Nauondoa mpangilio huo wa kuwaka haraka, kisha nasasisha draiva za ubao mama kutoka kwa mtengenezaji. Mwalimu amekuwa akishikilia kitufe cha umeme hadi mashine ife; kumbukumbu za mfumo zimejaa tukio namba 41, alama ya kuwaka bila kuzimwa vizuri kabla yake. Naendesha chkdsk kukagua diski. Faili iliyokatizwa ikiandikwa huharibika, na bekapu huubeba uharibifu huo kama ulivyo.

Saa 8:00 mchana
Dada mmoja ana kompyuta ya mapajani iliyogoma kupanda kutoka Windows 10 hadi 11. Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo wasiwasi wake una msingi. Mashine inatimiza masharti: chipu ya usalama ya TPM 2.0, kumbukumbu ya RAM isiyopungua GB 4, hifadhi isiyopungua GB 64. Lakini usakinishaji unafika katikati kisha unarudi ulikotoka na kosa 0xC1900101. Kosa hilo mara nyingi ni draiva. Lingekuwa 0x80070070, ningetafuta nafasi kwenye diski.

Naanza na bekapu, na kurejesha kwa majaribio. Kisha tunahakikisha ana ufunguo wake wa BitLocker (kinga ya Windows inayofunga diski kwa fumbo) wenye tarakimu 48, umeandikwa nje ya kompyuta. Nachomoa printa na vifaa vyote vya pembeni, naondoa kwa muda kinga ya virusi ya kampuni nyingine, nasasisha draiva, nawasha upya, ndipo najaribu tena.

Saa 10:30 jioni
Usakinishaji umepita. Namsihi asifute folda ya Windows.old ili kupata nafasi: kwa siku 10 ndiyo njia yake ya kurudi toleo la zamani endapo programu zake za kazi zitagoma.

Saa 11:30 jioni
Mwalimu amerudi. Namwachia kiti arejeshe faili moja kwa mkono wake, akosee, arudie, hadi afungue waraka wake bila msaada wangu. Tunakubaliana atafute diski ya pili, azibadilishe kila wiki, na ile isiyotumika ikae imechomolewa, maana programu hasidi inayofunga faili kwa fumbo huifikia pia diski ya nje iliyochomekwa.