Nani Alimnyonya Nani

Mtaani kwetu Mbagala kulikuwa na maelezo ya aina mbili kuhusu pacha wangu. Ya kwanza yalikuwa ya mama: mkunga alizubaa. Mimi Kulwa nilitoka, Doto akabaki tumboni karibu nusu saa, na huko ndiko alikochoka. Ya pili yalikuwa ya majirani, na hayakusemwa mbele ya mama: kwamba nilimnyonya mwenzangu. Wangemtazama Doto kwa huruma, kisha macho yakahamia kwangu, na huruma ikaishia njiani.

Tumefanana mno. Walimu walitutofautisha kwa viatu. Kila Januari mama alinunua jozi mbili za aina moja Kariakoo. Ikifika Pasaka vyangu vimelika kisigino, vya Doto vimetoboka nchani, maana yeye hutembelea vidole, magoti yakipishana kama mkasi. Mikono yake mizima. Maneno humtoka polepole, ila yakitoka jiandae. Kadi yake ya kliniki iliandikwa mtindio wa ubongo, basi. Lini na kwa nini, hakuna aliyetuambia.

Mwaka 2015, tukiwa kidato cha pili, ndipo alipopigwa picha ya MRI. Siku ya majibu tuliingia wote watatu. Daktari, mama mmoja wa makamo, alipokea shikamoo zetu bila kuinua kichwa, kisha akainua, akatuangalia mara mbili mbili.

"Hawa ni wa kondo moja?"

Mama hakujua. Daktari akasoma tena karatasi zetu za zamani, akauliza tulizaliwa na miezi mingapi. Tisa kamili, mama akajibu, tena kwa fahari.

Akabandika picha kwenye kioo chenye taa. Katikati ya ubongo kuna vyumba vya maji, akasema, na nyuzi zinazopeleka amri miguuni hupita karibu kabisa na vyumba hivyo. Za mikono hupita mbali kidogo. Za Doto ziliumia pale pale kando ya vyumba. Jeraha la namna hiyo, akaendelea, mara nyingi humpata mtoto kati ya wiki ya 24 na ya 34 ya mimba.

Mama alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza.

"Kwa hiyo siku naingia leba..."

"Alikuwa ameshaumia, Mama Kulwa. Wiki nyingi nyuma."

Mama hakulia, kama nilivyotegemea. Alifungua pochi, akaifunga, akaifungua tena. Miaka yote ile alikuwa akimlaani yule mkunga. Nadhani alikuwa anatafuta pa kuiweka ile laana.

Nikaona nisipouliza leo sitauliza tena. "Dokta, ni kweli mimi nilimnyonya?"

Hakucheka, na hilo namshukuru mpaka leo. Aligeuza fomu, akachora kondo moja, vitovu viwili, na mishipa ikikutana katikati. Yai moja likigawanyika, akasema, mara nyingi watoto huchangia kondo, na damu huvuka huku na huku. Presha ya mmoja ikishuka ghafla, ubongo wake unaweza kukosa damu hata kama mwenzake yuko salama. Kilichoishusha ya Doto hatutakijua, lakini mtoto wa tumboni havuti damu kwa kutaka. Inaenda inakoelekea.

Sikuridhika sana. Nilitaka aseme hapana, moja kwa moja, nikawaambie majirani. Yeye alisema damu huvuka.

Doto alikuwa kimya muda wote, akiukodolea macho ule mchoro.

"Kwa hiyo damu yangu anayo," akasema.

"Na wewe unayo yake," daktari akamjibu.

"Yangu itakuwa nyingi zaidi. Anilipe."

Mama ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha kupaliwa, mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Tulipotoka, Doto alikokota miguu hadi kwenye banda la chipsi la ng'ambo ya barabara, akavuta kiti, akaagiza chipsi mayai na mishkaki miwili, akamwonyesha muuzaji mimi.