Muliebrity, na mama wa mgongo wazi

Jana kwa matatu ya kutoka Kondele, hapa Kisumu, nilikuwa napambana na fumbo la maneno la gazeti, swali linasema hali ya kuwa mwanamke, neno la Kiingereza cha zamani, herufi 10. Nikaandika femininity fasta, ikatoshea hadi ile ity ya mwisho, nikajiona mwerevu kumbe neno la kushuka lilikuwa limeshaweka M pale mwanzo. Ikabidi nigugo. Muliebrity. Hata mwalimu wetu wa Kiingereza sijawahi kumsikia akilitaja, na huyo alipenda maneno makubwa balaa.

Basi nikaanza kulichimba. Mulier ni mwanamke kwa Kilatini, Wahispania wakatoa mujer hapo, Waitaliano wakatoa moglie, yaani mke wa mtu. Waingereza wamekuwa nalo tangu karne ya 16 lakini nani analitumia? Mwenzake wa kiume, virility, limetoka kwa vir, mwanaume, na hilo halijafa, huku kwetu nguvu za kiume ziko kila nguzo ya stima waganga wamebandika. Na ngoja, hata virtue, ile ya uadilifu, ni mtoto wa vir! Mwanaume wa Kilatini amezaa uadilifu, sisi tumeachiwa neno la fumbo la gazeti.

Kilichoniudhi kabisa ni askofu mmoja, Isidore wa Seville, karne ya 7, aliandika ati vir ni kwa sababu mwanaume ana nguvu, na mulier imetoka kwa ulaini. Ulaini!

Hiyo niliisoma nikiwa nimefika Obunga, nangoja mgongo wazi, ile mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishatolewa. Mama amekaa kwa kigoda, karai la mafuta linachemka mbele yake, moshi unamwingia machoni na yeye hata hapepesi, anageuza mifupa ya mbuta moja moja, kichwa bado kimeshikana na mkia. Nikamwambia, "Mama, kuna mzee wa kitambo alisema jina letu limetoka kwa ulaini."

Akaangalia mkono wake, una madoa ya mafuta hadi kwa kiwiko.

"Nyathina, mwanangu, na huyo mzee alikuwa anapikiwa na nani?"

Karatasi ya kufungia ilikuwa imeisha, nikampa gazeti langu, fumbo likaloa mafuta kabla sijajaza hilo neno.