Kumtafuta chura wa povu kusini mwa Tabora

Tabora mjini hadi Sikonge ni kilomita 70 hivi, lami, miombo kushoto na kulia na mizinga ya nyuki ikining'inia mitini. Tulikwenda Desemba, siku mbili baada ya mvua kubwa, maana chura wa povu, kitaalamu Chiromantis xerampelina, hazai kiangazi.

Baada ya lami tukapanda bodaboda hadi ukingo wa mbuga, yaani bonde la nyasi linalotuama maji ya mvua, tukashuka. Tope jeusi la mbuga hunasa tairi, na ndala hubaki humo humo. Vaa mabuti ya mpira, beba tochi ya kichwani.

Wengi humkosa kwa kumtafuta chini au kufuata sauti. Sauti yake ni hafifu, vyura wengine huimeza. Tazama juu, kwenye matawi yaliyoinamia dimbwi. Mchana tulimkuta mmoja juani kabisa, miguu kaikunjia tumboni, ngozi nyeupe kama chokaa. Weupe huo hupunguza joto linaloingia mwilini, na uchafu wake huutoa kama asidi ya yuriki, karibu mkavu, maji yakabaki ndani. Usiku hurudia kijivu, ukadhani ni gome. Vidole viwili vya mkono hukabiliana na viwili vingine, akakamata kijiti kama koleo. Ukiwa umejipaka dawa ya mbu usimguse, ngozi yake hunyonya.

Usiku ndiyo kazi yenyewe. Jike hutoa ute na kuupiga kwa miguu ya nyuma mpaka uumuke kuwa povu la kutagia mayai, madume kadhaa wakiwa wamemng'ang'ania. Katikati ya kazi huteremka dimbwini, akakaa tumbo majini kunywa kwa ngozi, kisha akapanda kuendelea. Ukimmulika wakati huo anaweza kuacha. Sisi tulizima tochi zote isipokuwa moja iliyofungwa kitambaa chekundu.

Kufikia asubuhi povu limeota gamba nje, ndani bado bichi. Usilibonyeze, hata kama linavutia: likitoboka, mayai hukauka. Viluwiluwi hudondoka wenyewe baada ya siku nne hadi sita, na dimbwi lazima liwe bado lipo chini yao.

Dimbwi letu lilikuwa limeanza kurudi nyuma. Povu moja la zamani lilining'inia juu ya tope tupu, hatua mbili kutoka majini. Mawingu tuliyaona, lakini mbali, upande wa Mto Ugalla.