Alhamisi yangu: langilangi alfajiri, asmini jioni

Saa kumi na moja unusu alfajiri nimeshaswali, kanga kiunoni, pakacha mkononi. Mlangilangi uko nyuma ya nyumba hapa Kisauni, Mombasa, alioupanda nyanya yangu. Mti huu ukiachwa hurefuka hata ukapita paa. Wetu tunaukata kilele na kuyavuta matawi chini, kama wafanyavyo watu wa Ngazija, visiwa vya Komoro, wanaoyatoa mafuta yake kwa mvuke, ndipo nachuma nimesimama.

Leo ninaye mtoto wa kaka yangu, aja kujifunza.

"Shangazi, hili je?"

Bado. Ua la langilangi huanza kijani, na kijani hicho hakina harufu ya kukufaa. Halafu petali zake sita, ndefu na nyembamba, hulegea na kugeuka manjano. Hapo pia usikimbilie. Nikamshika mkono, tukaipanua petali hadi pale inaposhikana na kikonyo: kuna doa jekundu la hudhurungi, dogo kama punje ya mchele. Nyanya akiliita wino. Ua lisilo na wino akituambia tuliache, na mimi sijamvunjia neno hilo hata siku moja.

Saa mbili unusu tumemaliza. Jua likishapanda harufu huruka, na ua likifinywa huwa jeusi, kwa hivyo tunayatandaza kwenye ungo kivulini, hayabebani.

Saa tatu, nusu ya maua yaingia kwenye chupa ya mafuta ya nazi niliyoyapika jana. Kesho nitayachuja na kutia mengine. Chanel No. 5, manukato yaliyotoka Ufaransa mwaka 1921, yana langilangi ndani yake; basi asiniambie mtu kuwa haya ni maua ya kizamani.

Adhuhuri ni kupika, kuswali na kulala kidogo.

Saa kumi alasiri ndiyo zamu ya asmini. Hizi huchumwa zingali zimefumba, zifunguke usiku zikiwa kwenye nywele za bi harusi. Kesho kuna harusi Mji wa Kale, na leo usiku ndio wa kupaka hina. Tunakaa jamvini na sindano na uzi: asmini, majani ya rehani, na langilangi moja katikati ya kila kikuba, yaani kishada cha maua ya kujipamba. Mtoto alichana ua la kwanza, la pili likakaa sawa.

Mwaka juzi nilisafiri nikamwachia mtu aupogoe mti, akaufyeka hadi likabaki shina. Nililia. Ulipochipua tena nilipanda mbegu zake kwenye makopo, na sasa nina miche minne iliyonifika magotini. Mmoja ni wa huyu mtoto.

Saa moja usiku kijana wa bodaboda amevichukua vikuba, vimefunikwa kitambaa kibichi. Nikaenda kufunga mlango wa uani, nikamkuta mtoto chini ya mti na tochi ya simu, amelipanua ua bila kulichuma.

"Shangazi, wino ndio kwanza unaanza."

"Liache, tutalirudia alfajiri."