Matangi Yangu Mawili: Maji Matamu na Maji ya Chumvi

Sebuleni kwangu South B kuna matangi mawili ya samaki. La lita 60 ni la maji matamu, lina samaki wadogo aina ya gapi na moli. La lita 120 ni la chumvi: samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, kamba mmoja, na mawe ya bahari. Wageni huniuliza lipi lina kazi zaidi. Ni la chumvi, ila kazi yenyewe haikuwa pale nilipoitazamia.

La gapi halinisumbui. Kila Jumamosi navuta lita 15 kwa mpira, nikinyonya uchafu ulio kwenye changarawe, kisha narudishia maji ya mfereji yaliyolala ndooni ili klorini itoke. Yale machafu namwagilia sukuma wiki ya roshani, inayapenda mno. Sponji ya chujio naisuuza kwa maji ya tangi lenyewe, maana klorini ya mfereji ingeua bakteria wanaoondoa amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki.

Tangi la chumvi lilikaa wiki sita bila samaki, nikisubiri bakteria hao waongezeke, nikipima amonia na naitraiti, sumu inayotokana na amonia, mpaka zote zikasoma sifuri. Hilo nililivumilia. Kilichonitesa ni mvuke. Muuzaji aliniambia, "Maji yakipungua ongeza tu, kaka." Nikawa naongeza maji niliyoyachanganya na chumvi, gramu 35 kwa lita, nikidhani narudisha kilichotoka. Kumbe kinachopaa ni maji matupu, chumvi inabaki. Wiki mbili baadaye ukingo wa kioo ulikuwa na ukoko mweupe, na kamba amejibanza nyuma ya jiwe, hali wala hasogei. Nilipima uzito wa maji ukilinganishwa na maji matupu, ambao hupanda chumvi ikizidi: 1.030, badala ya 1.025. Niliumia sana, kwa sababu yule mdudu hakuwa na pa kukimbilia.

Nilishusha polepole kwa siku tano, natoa jagi la maji ya tangi, natia la maji yasiyo na chumvi. Siku ya sita kamba akatoka, akakamata punje ya chakula kwa miguu ya mbele, akaigeuza-geuza kabla ya kula.

Sasa nimechora mstari kwenye kioo kwa kalamu ya wino. Kila asubuhi kabla ya chai najaza hadi pale, lita moja na ushei, kwa maji yaliyochujwa ninayonunua kwa mtungi wa lita 20 duka la maji la mtaani. Kila wiki mbili nabadilisha lita 12, na chumvi yake, gramu 420, naipima kwa mizani ya jikoni. Nikisafiri, gapi hukaa siku nne bila mtu. La chumvi lazima jirani aingie kila siku.

Julai, matangi yote mawili huhitaji hita, nyuzi 25. Ila stima ikipotea, la chumvi ndilo hunitia hofu: maji ya chumvi hushika oksijeni kidogo kuliko matamu, na huku juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa nayo ni nyepesi. Usiku mmoja ilipotea kuanzia saa tatu. Nililifunika tangi kwa blanketi, nikaacha upenyo, mimi na mke wangu tukapokezana kuchota kwa kikombe na kumimina kutoka juu, kila baada ya dakika kumi, hadi saa kumi na moja alfajiri. Wote walipona. Jumatatu hiyo nilinunua pampu ya hewa ya betri.