Kufundisha Biolojia Nako Kunahitaji Msimamizi

Anayehitimu shahada ya uzamivu katika biolojia huwa amesimamiwa kwa miaka katika utafiti, akisahihishwa namna anavyopanga jaribio, anavyofasiri matokeo na anavyoandika makala. Kufundisha, mara nyingi, hakuna aliyemfunza. Hukabidhiwa darasa na kuambiwa aanze. Ndiyo maana naithamini sana IRACDA, programu iliyoanzishwa Marekani mwaka 1999 na NIGMS, taasisi iliyo chini ya NIH, shirika la serikali ya huko linalofadhili utafiti wa afya, ili watafiti waliomaliza uzamivu wafunzwe kazi zote mbili.

Mimi niliipitia Atlanta, katika tawi lake la FIRST la Chuo Kikuu cha Emory. Sehemu kubwa ya muda wetu, takriban robo tatu, ilikuwa ya maabara. Iliyobaki ilikuwa ya kufundisha katika vyuo jirani vyenye historia ya kuwasomesha Wamarekani Weusi, kama vile Spelman na Morehouse. Tulisomea kwanza mbinu za ufundishaji, kisha kila mmoja akapangiwa mhadhiri mwenyeji, ambaye aliupitia mpango wa somo, akaketi nyuma ya darasa na baadaye kueleza alichokiona.

Nilipofundisha usugu wa bakteria, mhadhiri wangu alinishauri nisitangaze jibu. Wanafunzi wengi huamini kwamba bakteria huwa sugu kwa sababu wamekutana na kinachowaua. Niliwapa hesabu za jaribio la wanasayansi Luria na Delbrück la mwaka 1943, ambamo bakteria walikuzwa katika mirija mbalimbali kabla ya kukutanishwa na virusi vinavyoua bakteria: mirija mingine haikutoa bakteria sugu hata mmoja, mingine ilitoa wengi mno. Wakiwa wawili wawili walibishana hadi wakaona wenyewe kwamba, kama usugu ungezuka baada ya kukutana na virusi, hesabu zingekaribiana. Basi mabadiliko ya vinasaba yaliyoleta usugu yalikuwa yametokea kabla.

Mbinu hii ina ushahidi. Uchambuzi wa tafiti 225 uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa wastani wa wanaofeli katika masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati ni asilimia 33.8 kwa mihadhara mitupu, na asilimia 21.8 wanafunzi wanaposhirikishwa.

Hata hivyo, kilichotuwezesha hasa ni fedha. Mshahara wetu ulilipwa na programu, haukutoka katika mradi wa mkuu wa maabara, kwa hiyo saa za kufundisha hazikuwa zake kuzidai.